Sulemani wa Mapendo

Jumapili, 10 Septemba

Mvua ya kwanza imeanguka leo wakati wa misa, na paroko akaona ni ishara nzuri ya kutangaza filamu. Kikundi chetu cha michezo ya kuigiza hakitapanda tena jukwaani na mashuka mabegani. Sasa ni filamu, Biblia iliyovaa suruali, ili vijana waitazame kwenye simu zao. Kiongozi ni Zéphirin, aliyesomea kamera Kampala akarudi na kofia asiyoivua hata kanisani. Amechagua hadithi ya wanawake wawili na mtoto mmoja mbele ya Mfalme Sulemani. Wanawake watakuwa wachuuzi waliopanga chumba kimoja hapa mtaani kwetu Mapendo, mfalme atakuwa chifu wa avenyu, mkuu wa barabara yake, na upanga utakuwa panga la kukatia majani ya ng'ombe.

Mimi nimepewa mama wa kweli. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kufurahi. Katika kikundi hiki nimekuwa Sara, nimekuwa Hana, nimekuwa Elisabeti. Tasa wote wa Biblia ni mimi. Zéphirin alisema mbele ya watu, "Mama Kasoki, mara hii tunakupatia mutoto toka mwanzo, hautasumbua tena Mungu." Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nilivunja sahani.

Jumanne, 12 Septemba

Mama mkwe amepiga simu kutoka Butembo. Ameuliza habari za duka langu la vitenge, habari za mvua, kisha akakohoa kile kikohozi chake. Najua kinachofuata. Wenceslas na mimi tuna miaka kumi na miwili ya ndoa. Wenzangu wote hapa mtaani wanaitwa kwa watoto wao: Mama Charline, Mama Jephté. Mimi ni Mama Kasoki, mama wa nafsi yangu mwenyewe. Leo bibi huyo amenitajia msichana wa Lubero, ana afya, anajua kulima, kwao wamezaliwa tisa. Alimsifu kama mtu anayesifu mbuzi sokoni. Wenceslas yuko huko kwa biashara yake ya maharagwe, na wamepanga kuzungumza naye kabla hajarudi kwa Noeli.

Nikasema, "Ndiyo, mama." Ungesema nini tena?

Jumamosi, 16 Septemba

Mazoezi. Papa Rémy ndiye Sulemani. Ni chifu wa avenyu yetu kwelikweli. Zéphirin amemchagua kwa tumbo lake na koti lake, na kwa kuwa ana ua mpana tutakaopigia filamu bure.

Jumamosi, 23 Septemba

Tulianza na mdoli. Kichwa kilikatika Papa Rémy alipoinua panga, kikabingirika mpaka kwenye majivu ya jiko, na Zéphirin akakaa chini akashika kofia yake. Tunahitaji mtoto wa kweli.

Hakuna mama wa parokia aliyekubali. Mama Charline alisema, "Panga haijuwe mucheso." Mwingine akasema hata kwa picha, ukiinua chuma juu ya mtoto umekiita kifo kije kuangalia. Zéphirin akasema basi tutafute kwa wakimbizi. Wote wakaona ni wazo zuri. Hakuna aliyeuliza kama panga linajua mchezo likiwa juu ya mtoto wa mkimbizi, na hata mimi sikuuliza.

Jumatano, 27 Septemba

Ameletwa. Anaitwa Deborah, ana miaka kumi na tisa, anatoka pande za Rumangabo na sasa analala kambini Kibati chini ya plastiki. Mume wake, Habarurema, walipotezana njiani siku ya kukimbia vita. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshika njia ileile. Tumekubaliana sahani ya wali na maharagwe kila siku ya kupiga filamu, na sabuni.

Ana miguu michafu, hamtazami mtu machoni. Nilimhurumia, lakini ile huruma ya kumtazama mtu ukiwa umeziba pua. Mtoto ni wa kiume, Gradi, miezi saba. Deborah alipokwenda kunawa alimweka mkononi mwangu bila kuniuliza kama najua kushika mtoto. Gradi alinitazama muda mrefu, akashika hereni yangu, akavuta. Iliniuma sana, wala sikumwondoa mkono.

Jumapili, 1 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 2 Oktoba

Mvua. Mabati yanapiga kelele mpaka kamera haisikii watu. Tumekula wali wa Sulemani tukaenda nyumbani.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mtoto akikosa kumwona mama yake analia, na akilia mapema hakuna filamu. Zéphirin amekata shauri: Deborah mwenyewe aingie kwenye picha. Na nafasi iliyobaki ni moja, ya mwanamke mwizi, yule aliyelalia mtoto wake akafa akaenda kuiba wa mwenzake. Maneno yake si mengi. Mama Charline aliyekuwa aigize sehemu hiyo ameshikwa na malaria, au ameshikwa na woga wa panga, sijui.

Kwenye filamu mtoto anaitwa Benny. Zéphirin anataka tuitane kwa majina ya filamu kutwa nzima, hata tukila, ili yazoeleke mdomoni. Basi mimi ni Mama Benny. Mpishi ameniita hivyo, dereva wa pikipiki ameniita hivyo. Niligeuka haraka kuliko ninavyogeuka kwa jina langu.

Jumanne, 10 Oktoba

Deborah ametushinda. Anafanya yote: anaiba, anakana, anagombana nami mpaka ananitisha. Lakini tukifika pale mfalme anaposema mtoto agawanywe, na yule mwizi anatakiwa kusema asiwe wangu wala wako, mkateni, anafunga mdomo.

"Sema tu, Deborah. Hii njo filamu tu. Haiko kweli," Zéphirin alimwambia.

"Kama haiko kweli, juu ya nini mulitafuta mutoto wa kweli?"

Zéphirin akageukia kamera yake. Mimi nilikuwa na jibu, kwamba mtu anayekula wali wetu aseme maneno yetu. Sikulitoa, kwa sababu mtoto alikuwa amelala begani kwangu.

Jumatano, 11 Oktoba

Hajasema. Halafu mvua.

Ijumaa, 13 Oktoba

Leo amesema. Nataka kuandika vilivyokuwa, kwa sababu watu wataanza kusimulia wanavyotaka.

Asubuhi jua lilitoka, mlima wa moto ulionekana wote mpaka moshi wake, na Zéphirin alijua mvua itarudi mchana. Akampanga Deborah katikati ya ua, Papa Rémy kitini, panga mkononi. Akasema tuanze. Deborah akafika kwenye lile neno akanyamaza. Tena. Akanyamaza. Papa Rémy alilalamika mkono unamuuma. Mara nyingine Deborah alifungua mdomo, sote tukasogea, kumbe anapiga mwayo wa njaa.

Ndipo nikamwambia Zéphirin, pembeni, kwamba mtoto aondoke. Deborah hawezi kusema neno lile mbele ya macho ya mwanawe, mdoli utawekwa kwenye nguo, nani atajua? Nilimchukua Gradi, nikazunguka naye nyuma ya jiko. Ilikuwa karibu na saa yake ya kunyonya. Hilo nililijua. Nimekaa nao kiasi cha kujua saa zake.

Alianza kwa kunung'unika, akatafuta kifuani kwangu, akakosa, akapiga kelele. Nikamsikia Deborah uani: "Mulete mutoto, ana njaa." Zéphirin akamjibu, "Sema, utamupata. Neno moja tu." Akasema, "Papa, minakuomba." Akajibiwa, "Sema."

Ningeweza kutoka. Ni hatua chache tu. Nilimpigapiga mgongo Gradi nikamwambia sikioni, nyamaza mwanangu, wanamaliza sasa hivi. Nilichungulia penye pembe ya ukuta. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi ya Deborah, mabaka mawili yakiongezeka, na kamera inatazama. Kisha akapasuka.

"Asikuwe wangu, asikuwe wako! Mumukate! Mumukate, tumalize! Mumukate!"

Hata Papa Rémy alishtuka, akaliacha panga likaanguka. Zéphirin aliruka juu akapiga makofi. Deborah alikuja mbio, akamtoa mtoto mikononi mwangu bila kunitazama, akaketi palepale juu ya mawe meusi, akamnyonyesha. Alikuwa akilia na kumsemesha kwa lugha ya kwao. Nilielewa neno moja tu, msamaha, kwa sababu alilirudia sana.

Mpishi alinifuata akasema, akimwonyesha Deborah kwa kidevu, "Mama Benny, huyu mutoto wa batu anatesekaka." Nikamjibu kwamba mama wa kweli asingesema neno lile hata angechomwa moto. Nimelifikiria jibu hilo tangu mchana na bado naliona ni sawa. Alisema. Mara tatu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Zamu yangu. Mimi natakiwa kupiga magoti na kusema, mpeni yeye, bwana wangu, asiuawe. Zéphirin anasema sauti yangu ni kavu, nasema mpeni kama mtu anayepunguza bei ya kitenge. Tumerudia mpaka magoti yamechubuka. Mwishowe mpishi alinikatia kitunguu, nikakisugua chini ya macho, na machozi yakaja mengi kuliko tulivyohitaji. Wote wakanisifu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mvua ya mawe. Barabara ya Kibati imekuwa mto, kwa hiyo Deborah na Gradi wanalala kwangu, katika chumba cha marobota ya vitenge. Nimemwogesha mtoto mimi mwenyewe, kwa maji ya moto na mafuta ya Kampala. Deborah anamwogesha kama anayeosha viazi. Nimemwonyesha namna ya kumkausha katikati ya vidole. Alisema, "Aksanti, mama," lakini uso wake haukushukuru.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nilikwenda dukani na Gradi mgongoni. Mteja mmoja wa mtaa wa Himbi aliuliza, "Mama Benny, huyu njo yule wa filamu?" Jina limeshatoka uani kwa Papa Rémy likapanda barabara peke yake. Niliuza vitenge sita kabla ya saa sita, na kila aliyenunua alimshika mtoto shavu.

Deborah alikuwa amekaa mlangoni. Mama mmoja alimwachia mwavuli amshikie, akadhani ni mfanyakazi. Aliushika.

Jumamosi, 4 Novemba

Mtu aliyetoka juu, pande za kwao, amemwambia Deborah kwamba Habarurema ameonekana Rumangabo, yu hai, anaumwa, analala kwa mjomba wake. Tangu asubuhi alikuwa anazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Barabara haina usalama, vituo vya askari ni vingi, mtoto atapigwa na mvua. Mchana akaja kwangu akapiga goti.

"Unibakishie ye siku kidogo tu, Mama Benny. Minaenda kumutafuta baba yake, minarudia."

Aliniita hivyo yeye mwenyewe. Sikumlazimisha.

Nilimpa koti la mvua na mkate. Alimnyonyesha Gradi kwanza, upande huu na upande huu, akambusu nyayo. Halafu akanieleza vitu ninavyovijua: halali bila kushikwa sikio, bui, yaani uji wake, isiwe nzito. Nikasema nenda, utakosa gari. Aliondoka akitazama nyuma mpaka akajikwaa.

Jumapili, 5 Novemba

Alilia usiku kucha. Nimemshika sikio mpaka mkono umekufa ganzi.

Jumatano, 8 Novemba

Wanasema askari na waasi wamepigana tena juu, njia ya Rumangabo. Barabara imefungwa Kibati.

Ijumaa, 10 Novemba

Imefungwa. Benny amekunywa bui kikombe kizima.

Jumatatu, 13 Novemba

Imefungwa. Ninasali ifunguliwe, kisha ninasali kidogo tena, bila kusema ninaomba nini.

Jumamosi, 18 Novemba

Filamu imeonyeshwa katika ukumbi wa parokia. Watu walijaa mpaka madirishani, na waliokosa nafasi walisikiliza nje chini ya miavuli. Nimejiona mkubwa ukutani, na kitenge changu cha bluu, na nikasahau kitunguu. Nililia kweli.

Deborah alipotokea watu walianza kuguna. Alipoiba mtoto walimtukana. Na alipofika kwenye "mumukate," na yale mabaka mawili ya maziwa kifuani, ukumbi ulilipuka. Mwanamke nyuma yangu alipiga kelele, "Nyama wa pori huyu! Ana maziwa na anasema bakate mutoto!" Mwingine akasema macho yale si ya kuigiza, macho yale anayo nyumbani. Benny alikuwa mapajani kwangu. Alimwona mama yake kwenye ukuta, akanyoosha mikono miwili, akaita. Watu waliokuwa karibu walidhani ananiita mimi kwenye picha, wakasema tazameni, anamjua mama yake.

Nikamgeuza uso kifuani kwangu.

Papa Rémy hakuweza kutoka ukumbini. Kila mtu anamwita Sulemani. Jioni ileile wamemletea ugomvi wa ukuta na ugomvi wa bata, naye ameamua yote mawili akiwa amevaa koti.

Jumanne, 21 Novemba

Imefungwa.

Jumapili, 26 Novemba

Wenceslas amerudi mapema, amezunguka kwa Uganda kwa kuwa barabara imefungwa, amechoka. Alinikuta na Benny mgongoni. Alisimama mlangoni na begi lake.

"Wa nani?"

"Wetu, kama unataka."

"Kasoki. Mama yake iko wapi?"

Nilikuwa na muda wa kusema ukweli, kama muda wa kuvuta pumzi. Nikasema, "Alimukataa. Aliniachilia ye akaenda zake. Uliza batu, hata kwenye filamu alisema bamukate."

Aliniomba simu akaitazama filamu yote, amekaa kitandani na viatu. Ilipofika pale, alitikisa kichwa. "Kuko banawake," alisema. Benny akatambaa akashika kamba ya kiatu chake. Wenceslas hakusogeza mguu, nami nikajua.

Jumatatu, 27 Novemba

Mama mkwe amepiga. Ameniita Mama Benny. Nilimwomba arudie, nikasingizia mtandao. Habari ya msichana wa Lubero haikutajwa, hata kwa kikohozi.

Jumapili, 3 Desemba

Sikwenda misani. Nilikaa tu ninamtazama mwanangu akilala.

Ijumaa, 8 Desemba

Paroko anauliza kwa nini Benny hajabatizwa. Nimesema baada ya Noeli. Barabara imefunguliwa tangu jana, kwa malori tu.

Jumanne, 12 Desemba

Amekuja.

Nilimwona kupitia upenyo wa geti. Amekonda, koti langu la mvua limechanika bega. Mlinzi alimfungulia kabla sijamzuia. Alisema habari zake amesimama: Habarurema alikwisha kuzikwa alipofika, mjomba alimwonyesha tu udongo. Kisha njia ikafungwa, akabaki huko, akikamua maziwa juu ya majani yasimkaukie.

Nikasema pole. Nilisema kwa moyo, Mungu anajua.

"Aksanti, mama. Sasa unipatie mutoto, nitoke."

"Amelala."

"Nitamubeba vile amelala."

Nikamwambia hana nyumba. Nikamwambia Kibati watoto wanakufa kwa kuhara, na mvua bado haijaisha. Nikamwambia hapa anakula mayai. Yote haya ni kweli, hakuna hata moja nililotunga. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mama Kasoki, huyo ni wangu."

Tangu Oktoba hakuna aliyeniita hivyo. Nilihisi kama amenitemea mate. Nilipiga kelele. Majirani walikuja, na Mama Charline alipomwona tu akapiga mikono: "Njo ule! Njo mwanamuke wa mumukate!" Waliokuwa barabarani wakaingia. Mtu akasema kwa nini kugombana na Sulemani anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa? Ikaamuliwa kesho asubuhi.

Jumatano, 13 Desemba

Alfajiri nilimpelekea mke wa Papa Rémy kitenge cha nta, kile cha bei. Sikusema neno. Alikipokea, akakisifu, hakuuliza ni cha nini.

Ua ulijaa kuliko siku za filamu. Kiti kilekile, koti lilelile. Papa Rémy anajua vizuri nani alizaa, alikuwepo siku Deborah alipoletwa. Lakini watu mia walikuwa wakimtazama, simu zimeinuliwa, nao walikuja kumwona Sulemani.

Akamuuliza Deborah kama ni kweli alimwacha mtoto. Deborah akasema alimwacha kwa siku chache, njia ikafungwa. Akamuuliza kama ni kweli alisema mtoto akatwe.

"Papa chifu, ulikuwa pale. Bilikuwa filamu. Banamuficha mutoto bananinyima ye, njo nikasema."

Watu wakamzomea. Papa Rémy aliinua mkono, akasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na watu wakapiga makofi kwa methali. Angeishia hapo. Lakini utamu wa kiti ulimpanda kichwani. Akasema mtoto asimamishwe katikati, kila mwanamke ashike mkono wake mmoja, avute, na Mungu aonyeshe.

Zéphirin alikuwa pale na kamera yake. Alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kupiga picha.

Nilishika mkono wa kulia. Hadithi hii ninaijua kuliko mtu yeyote pale, nimeirudia mpaka magoti yamechubuka. Anayeachia ndiye mama. Nilijua kabisa kwamba nikiachia nimeshinda, nilikuwa na maneno tayari mdomoni, mpeni yeye, bwana wangu. Vidole vikakataa. Nilivuta. Benny alipiga ukelele ambao sijawahi kumsikia akipiga, bega lake likapanda juu, na akawa anatazama upande ule, si upande wangu.

Deborah akaachia.

Aliachia mara moja, kama aliyeguswa na moto, akarudi nyuma, mikono juu. "Mumupe ye," alisema. "Musimuvunje. Mumupe ye tu."

Nilidhani nimekwisha. Kila mtu pale amebatizwa, kila mtu anaijua hadithi tangu katekisimu, na wengine walikuwa wameitazama juzijuzi. Papa Rémy alimtazama Deborah, kisha mimi, na niliona ukweli ukimpita usoni. Ulimpita ukaenda.

Mwanamke mmoja muuza maandazi ndiye aliyeanza. "Anaigiza! Njo ile ya filamu! Amejifunza!"

Kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele. Wakapiga makofi kumkejeli, wakamwambia arudie, safari hii alie vizuri. Papa Rémy akacheka pia, kwa nafuu, tumbo likitikisika chini ya koti. "Mama," alimwambia, "ile tuliisha kuiona. Usinifanye miye mujinga." Akanionyesha mimi kwa kidole. "Huyu hakuachia. Mama haachiliake mutoto."

Deborah hakujitetea. Alikuwa anatazama bega la mtoto. Aliuliza tu, "Haikuvunjika?"

Nilimfunga Benny mgongoni nikapita katikati ya watu, wakinipisha. Wenceslas alikuwa getini. Tulipofika aliketi, akavua viatu, akasema, "Kasoki, ule mwanamuke aliachilia."

Nikasema, "Umesikia chifu."

Kisha akachukua simu akampigia mama yake, akamwambia mtoto amebaki.

Ijumaa, 15 Desemba

Jua. Wanasema mvua zimeisha mapema mwaka huu.

Nimempaka Benny dawa ya kuchua begani. Limevimba kidogo, anaweza kuinua mkono. Wenceslas amemnunulia viatu vyenye taa. Ubatizo ni tarehe 26, mama mkwe atakuja na jogoo wawili.

Deborah yuko nje, amekaa kwenye mawe upande wa pili wa barabara tangu jana. Haombi, hapigi kelele. Mlinzi anauliza amfukuze. Nimemwambia barabara ni ya serikali. Saa nne hivi alianza kuimba polepole, wimbo wa kulaza mtoto wa huko kwao. Benny alikuwa anachezea viatu vyake. Akaviacha. Akatambaa mpaka mlangoni, akakaa, akashika sikio lake mwenyewe.

Nimemchukua nikafunga dirisha, na mlango, na nikafungua redio. Analia bado. Atazoea.